Nyumba Niliyotoka Bila Kuaga

Mie si mtu wa kutunga. Anayenijua Temeke, tangu nilipokuwa nabeba mifuko ya saruji begani, atakwambia: huyu jamaa atakuringia, atakuchosha kwa kujisifu, lakini uongo hana. Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe, na mpaka leo yananipata. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka sawa, lakini nisome mpaka mwisho, maana huwezi jua, siku moja na wewe unaweza kujikuta ufukweni umeshika mashine.

Shule niliishia darasa la nne. Sifichi. Nilianza na toroli, nikaja na kibanda, leo nina duka la vifaa vya ujenzi ambalo ukisimama mlango wa mbele humwoni aliye mlango wa nyuma. Boko nimejenga ghorofa. Geti la chuma nimelichora mwenyewe kwa chaki sakafuni, fundi akalifuata. Vigae nimechagua mwenyewe. Nani alinisaidia? Hakuna. Nikipita na gari, watu wanaonyeshana ile nyumba, na mie najifanya sioni.

Ishu ni kwamba nyumba yenyewe nilikuwa nakaa peke yangu. Mke wangu, Mungu amrehemu, alifariki hata mapazia hatujatundika. Binti yangu wa pekee, Rehema, ameolewa Dodoma. Dukani kuna wafanyakazi, lakini nikifika wananyamaza kama mwalimu kaingia darasani. Basi jioni nikirudi nawasha tivii ili kuwe na sauti ya mtu. Yule wa taarifa ya habari akisema "habari za jioni," mie namjibu, "nzuri." Unacheka? Nakwambia kweli, nilikuwa namjibu.

Ndipo nikaiona detekta, mashine ya kusaka vyuma ardhini, kwenye simu. Mtu anatembea ufukweni na fimbo yenye sahani chini, ikilia anachimba, anatoa pete, anatoa hereni. Wachimba dhahabu wa Chunya wanaijua siku nyingi, lakini kwa ufukwe mie sikuwahi kusikia. Nikasema hii ndiyo kazi yangu ya jioni. Nikaagiza, ikaja, na kesho yake niko mchangani, upande wa Ununio, nimevaa mabuti ya mpira na hedfoni masikioni kama rubani.

Wiki za mwanzo nilipata aibu tupu. Nilikuwa naizungusha juu juu na kwa haraka, kama mtu anayefukuza kuku. Inalia kila mahali: vizibo vya soda, vipande vya bati, misumari. Halafu mchanga wenye chumvi unaifanya ipige kelele yenyewe, mpaka ujue kuipunguza ukali. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe. Sahani iende karibu kabisa na mchanga, mkono uende taratibu, na kila hatua irudie kidogo pale ulipokwisha kupita. Mchanga mkavu wa juu una takataka za juzi. Vitu vizito viko chini, kule kunakobaki wazi maji yakikupwa sana siku za bamvua. Na sikio, ndugu yangu, sikio ndiyo kazi yenyewe. Kizibo kinakwaruza. Kitu cha maana kinatoa sauti moja, nene, safi, na ukirudisha mkono inarudi ileile.

Pale ufukweni kuna mama anauza mihogo ya kukaanga, Mama Zuhura. Huyo hakunionea huruma hata siku moja.

"Bosi, umeshaipata?"

"Nini?"

"Akili uliyoipoteza."

Wateja wake wanacheka mpaka kachumbari inamwagika. Siku nyingine ananipigia kelele kutoka jikoni kwake, "Jamani mwoneni mtu mzima anapiga deki bahari!" Na mie namjibu, na wiki nzima hayo ndiyo maongezi yangu. Nilipopata pete mbili, saa moja mbovu na cheni, nikamwonyesha, akaniambia, "Rudisha baharini, utafuatwa na wenye navyo." Kwa mzaha. Mie nilidhani kwa mzaha.

Sasa sikia. Siku hiyo ilikuwa bamvua kubwa, maji yamekwenda mbali mpaka yanaonekana mawe ambayo sikuwahi kuyaona. Jua linakaribia kuzama. Nikapita mabaki ya ukuta wa kuzuia mawimbi, nikaenda mbele zaidi, peke yangu, na mashine ikalia. Sauti moja, nene, safi. Nikachimba. Bawaba. Si hizi nyepesi ninazouza, zile kubwa za zamani ambazo ukizishika unajua zilibeba mlango wa mbao nzito. Nikafuta mchanga, nikaitia kwenye mkoba. Chini yake kidogo, kwa mstari ulionyooka, ikalia tena. Bawaba nyingine. Upande wa pili, komeo.

Mtu wa vifaa vya ujenzi mie, bawaba mbili na komeo lake zinaniambia nini? Kwamba hapa pana mlango. Na nilifurahi! Nikazing'oa zote, nikapiga hatua moja mbele na sahani yangu.

"Nyumba ya watu ndiyo inaingiwa hivyo?"

Nilikuwa na hedfoni masikioni. Hedfoni zile zinaziba, hata Mama Zuhura akiniita simsikii. Lakini sauti hii niliisikia kama ya mtu aliye chumba kimoja na mie. Nikageuka. Mwanamke mtu mzima amekaa mchangani, miguu ameinyoosha, khanga kiunoni na khanga begani, ungo mapajani anachagua mchele. Alipotokea sijui. Ufukwe ule ulikuwa mtupu, niaminini.

Kwanza nikatoa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na matope yako hayo. Umepita ukutani kama panya, mlango huuoni?" Akaninyooshea kidevu, palepale nilipochimbua zile bawaba.

Nikajiambia, huyu bibi wa watu amechanganyikiwa, ametoka kwao wanamtafuta. Wewe ungefanyaje? Ungebishana naye? Nikacheka kidogo, nikarudi nyuma, nikasimama pale alipoonyesha, kwenye mchanga mtupu, nikasema kwa sauti, "Hodi!"

"Hodi nani?"

"Ni mie, mama."

"Mie hana jina?"

Nikataja jina langu na la baba yangu. Akalirudia polepole, kama anayelipima. Kisha akasema, "Karibu, mwanangu. Viatu acha hapo nje, nimefagia."

Nikavua mabuti, nikayaweka sambamba. Nikaingia. Nasema nikaingia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nje mchanga ulikuwa umeloa unazama, pale ndani ulikuwa mkavu una joto, kama palipokaliwa na mtu tangu asubuhi. Upepo nao ukakatika. Nikakaa.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama."

"Nimekuuliza habari, sijakuuliza salamu. Mama watoto hajambo?"

Nikamwambia alifariki. Akaacha kuchagua mchele. Akauliza aliumwa nini. Akauliza nani aliyemwosha. Akauliza kama chakula kinapita kooni siku hizi. Kila akiuliza ananyamaza, ananitazama, anangoja jibu. Unajua lini mara ya mwisho mtu aliniuliza kitu akangoja? Mie mwenyewe sijui. Basi nikaongea. Nikamsimulia toroli, nikamsimulia duka, geti, ghorofa, na vyumba vya juu ambavyo sijawahi kuvilalia. Nikamsimulia Rehema amejifungua mtoto wa kiume na bado sijamwona. Nikamwambia hata ile ya kujibu tivii, ambayo sijamwambia mtu.

Hakucheka. Akasema, "Na mie wangu wako mbali. Walinituma neno, mama ngoja hapohapo, tunakuja kukuchukua. Basi nangoja. Nikihama watanikutaje?"

"Kweli," nikasema.

"Na wewe utawangoja pamoja na mie. Wawili hatuboreki."

Hapo ndipo nilipoinua macho. Jua lilishazama, adhana ya magharibi ilishapita sikuisikia. Na maji yalisharudi. Yalikuwa yamejaa pande zote, kushoto, kulia, mbele na nyuma, yamesimama. Sikiliza nasemaje: yamesimama. Pale tulipokaa hayakuingia. Yalikatika kwa mstari ulionyooka, na pembe nne nilizihesabu kwa macho yangu, pembe za chumba. Nimekaa kwenye mambo ya ujenzi maisha yangu yote, chumba nakijua.

Yeye wala hakuyatazama. Akaweka ungo chini, akainuka akishika goti kama mama zetu wote, akasema, "Kaa, nikubandikie chai." Akaenda upande wa baharini. Maji yakamfika kwenye magoti, yakamfika kiunoni, naye anatembea kama mtu anayekwenda jikoni uani, anaongea na mie bila kugeuka, mara mwanangu, mara kuni hizi mbichi. Maji yakamfika mabegani. Kisha simwoni. Kisha, kutoka kule chini, sauti ileile, haijapungua, haina haraka:

"Sukari unatumia?"

Ndugu yangu, nilikimbia. Mie niliyepigana na vibaka wa Tandika nikiwa na kichwa cha nyundo tu mkononi, nilikimbia. Sikupita pale mlangoni. Nilipita ukutani, nikaingia maji ya kifua, mashine inaning'inia mkononi kwa mkanda wake, mkoba wa bawaba unanivuta chini. Na nyuma yangu nasikia, si kwa hasira, kwa mshangao wa mtu aliyevunjiwa heshima kwake:

"Mwanangu! Unaondoka hujaaga?"

Kesho yake mchana nilimfuata Mama Zuhura. Nilimweleza nikitegemea anizomee. Aliepua karai motoni, akakaa.

"Palikuwa na nyumba ya bibi mmoja pale," akasema. "Mumewe alikuwa mtu wa kusini, mchonga vinyago, akafa akamwachia. Bahari ikala ua, ikala jiko. Tukamwambia bibi hama. Akasema wanangu wanakuja. Usiku mmoja maji yalimaliza kazi. Hatukumwona yeye, hatukuona maiti."

Akanisogelea.

"Ulikula kitu kwake?"

"Hapana."

"Afadhali. Uliaga?"

Nikatazama pembeni.

"Bosi, nakuuliza. Uliaga?"

"Nilikimbia."

Tangu siku ile hajanitania tena, na hilo nalo limeniuma kuliko unavyodhani. Alichosema ni hiki tu: "Mgeni ambaye hajaaga, baba, bado yumo ndani."

Nikaona ni maneno ya wauza mihogo. Mpaka alipokuja fundi bomba. Nilikuwa nimekaa sebuleni, nikamsikia getini, "Hodi!" Nikajibu, "Karibu!" Akarudia hodi. Nikarudia karibu. Akagonga kwa jiwe. Nikapiga kelele, "Ingia bwana, geti liko wazi!" Akaondoka. Jioni, niko barabarani, ananiambia kwenye simu, "Mzee, nimegonga sana, ndani kimya." Nikamtukana, nikamwita mvivu.

Kisha akaja Rehema.

Alikuja kunionyesha mtoto. Nilikuwa nimefanya usafi mwenyewe, nimenunua kuku wawili, nimetundika yale mapazia ambayo mama yake hakuyaona. Nimekaa kwenye kochi nimevaa kanzu mpya. Nikasikia gari. Nikasikia sauti ya mwanangu, "Hodi! Baba, hodi!"

"Karibu mama! Karibu ndani!"

"Hodi humu ndani!"

"Karibu! Karibu, mama, niko hapa!" Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. Mtoto akaanza kulia kule nje, namsikia. Nikainuka, miguu mizito kama natembea majini. Simu ikaita, nikapokea, nasema, "Rehema, niko ndani!" Naye anasema, "Baba? Baba, uko ufukweni? Mbona nasikia bahari tu?" Nilipofika getini, gari lilishakunja kona.

Nikatoka barabarani, nikapiga tena. Safari hii akanisikia. Akarudi. Nikampokea mjukuu wangu palepale kando ya barabara, kwenye vumbi, nikambeba, ana mdomo wa bibi yake kabisa. Rehema akaangalia geti, akaangalia nyumba.

"Hatuingii ndani, baba?"

Ningemwambia nini? Kwamba nikivuka ule mlango nitakuwa nimekaa mbele yake naye ataniita chumba hadi chumba? Nikasema, "Hapa kuna upepo mzuri."

"Nyumba yote hii, mjukuu wako unampokelea barabarani?"

Hakulia. Alimchukua mtoto mikononi mwangu taratibu, akasema watalala kwa wifi yake Goba. Kesho yake wakarudi Dodoma. Tangu hapo ananipigia simu, ni mtoto mwenye heshima, lakini kuja haji.

Utaniambia uza nyumba. Braza, si nyumba. Nimelala gesti, mhudumu kagonga, nimemjibu, hakusikia. Dukani nikiingia ndani wanauliza bosi kaenda wapi. Paa lolote, mlango wowote, mie nikiwa ndani sauti yangu haitoki, kwa sababu ndani nilimo si humo, ni kwa yule mama. Nje nipo mzima, nabishana, nacheka. Nimekwenda kwa shehe, na rafiki yangu Mkristo kanipeleka kwa mchungaji wake. Wote wawili, kwa njia zao, wakafika mahali pamoja: rudi ukaage.

Nimerudi. Nimesimama pale mchangani nikasema kwa sauti, "Mama, naomba kuondoka!" Watu wakatoa simu wakanirekodi. Lakini kuaga si kazi ya mtu mmoja. Lazima mwenye nyumba akujibu, akwambie haya mwanangu, nenda salama, karibu tena. Nisipojibiwa, nimeongea na upepo. Na ili ajibu lazima nisimame mlangoni kwake, si futi mbili kushoto, si kwenye ukuta kama panya. Mlango uko wapi? Ufukwe kila bamvua unahama sura, mabuti yangu yalikwenda na maji. Chuma pekee ambacho kingeniambia mlango ulipo ni zile bawaba na komeo, na mie, kwa sikio langu zuri na mikono yangu hii, nilizing'oa nikazitia mkobani. Ninazo. Nimezifunga kwenye kitambaa. Maji yakikupwa sana nazibeba, natembea na detekta kutafuta hata msumari wa ule mlango, na mashine inanilia vizibo. Watu wanadhani bado natafuta pete.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza kazi hii, mashine nitakufundisha bila choyo, niulize. Lakini ukichimbua bawaba, usishangilie. Irudishe ilipokuwa, na udongo wake. Kabla hujapiga hatua nyingine sema hodi, hata kama mbele yako ni mchanga mtupu na watu wanakucheka. Na ukisikia karibu, basi umeshaingia, usikimbie. Kaa kidogo, salimia, kisha simama umpe mkono mwenye nyumba na umwambie unakwenda. Ngoja akuruhusu. Hata kama maji yanapanda, ngoja.

Maana mie sasa hivi naandika haya kwa mwanga wa taa ya geti, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ghorofa yangu mwenyewe kama mlinzi. Nikichelewa kuingia kulala ni kwa sababu kule ndani kuna harufu ya chai inachemka, na nakwambia ukweli, kila siku inanukia vizuri zaidi. Ukipita Boko ukaniona, usiniulize kwa nini siingii. Niulize habari za nyumbani, halafu usimame kidogo, nikujibu.